Gari la babu kwenye picha

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nimerithi picha ya marehemu babu yangu akiwa Tanga, ameegemea gari jeupe kwa upande wa nyuma; nakutumia nakala niliyoipiga kwa simu. Taa zake za nyuma ni za duara, zimegawanyika vipande vitatu. Nyuma ya picha mtu ameandika kwa kalamu 'Pasaka 1963'. Baba mdogo anasema hiyo ni Kotina, kwamba Mwingereza aliyeiunda aliipa jina la mkewe, na kwamba ndiyo iliyoshinda mbio za Safari. Binamu zangu wanamcheka. Yapi ni ya kweli? Na kama lilikuwa gari zuri hivyo, mbona halionekani tena barabarani?"

Marahaba, mwanangu.

Waambie binamu zako wamwache baba yako mdogo. Katika mambo matatu aliyosema, mawili ni kweli tupu. Hilo la mke ndilo la kutunga. Aliyekosea zaidi kuliko yeye ni yule aliyeshika kalamu akaandika mwaka nyuma ya picha, na mbele kidogo nitakuonyesha nilivyomkamata.

Tuanze na taa, maana zilinipa jibu kabla sijatazama kitu kingine. Duara kubwa jekundu, limekatwa vipande vitatu kwa mistari inayokutana katikati. Waingereza wenyewe waliipa taa hiyo jina la utani, "pigeni marufuku bomu", kwa sababu ilifanana na alama ya wapinga silaha za nyuklia, ile duara yenye kama unyayo wa kuku ndani yake, ambayo Gerald Holtom aliichora mwaka 1958 kwa ajili ya maandamano ya kwenda Aldermaston, kwenye kituo cha silaha za nyuklia cha Uingereza. Basi babu yako ameegemea Ford Cortina toleo la kwanza, la kati ya 1962 na 1966. Nyumbani kwake ni Dagenham, kiwanda cha Ford kilicho kando ya mto Thames, mashariki ya London. Gari la aina hiyo Waingereza huliita saloon. Kwetu ukisema saluni utapelekwa kunyolewa, kwa hiyo mimi nitasema gari la familia: injini mbele, watu katikati, mizigo kwenye buti.

Cortina si mwanamke. Ni Cortina d'Ampezzo, mji wa milimani kaskazini mwa Italia uliofanyikiwa Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 1956. Kampuni ilitaka jina lenye harufu ya theluji, likizo na watu wenye pesa, ingawa gari lenyewe lilikusudiwa karani mwenye watoto watatu na mkopo wa nyumba. Mhispania akilisoma jina hilo anasoma "pazia", lakini hilo halikumsumbua mtu. Na ili watu wasisahau, Desemba 1964 magari yalipelekwa kwenye mji wenyewe yakateremshwa katika ule mfereji wa barafu wa sleji za Olimpiki. Mmoja wa walioshika usukani alikuwa Jim Clark, bingwa wa dunia wa Formula 1 wa mwaka 1963. Upuuzi mtupu, ukiniuliza. Na mpaka leo watu wanausimulia, maana yake mwenye tangazo alijua anachofanya.

Lakini kuzaliwa kwake ndiko kuna utamu.

Mwaka 1960 Ford ya Uingereza iliongozwa na Sir Patrick Hennessy, Mwairishi. Akapata habari kwamba wenzao wa Ford Ujerumani wanaandaliwa gari jipya lililobuniwa Marekani, lenye injini ya V4, yaani silinda nne zilizopangwa kwa umbo la V, na kuvutwa na magurudumu ya mbele. Jina lake la siri lilikuwa Cardinal. Cardinal ni ndege mwekundu wa Marekani, lakini Waingereza waliamua kumsoma kama kardinali wa Kanisa, nao mradi wao wa kushindana naye wakauita Archbishop, yaani Askofu Mkuu. Kwa ngazi za Roma kardinali ndiye mkubwa. Kwa hesabu za mauzo, tusubiri.

Kazi ya kupanga alikabidhiwa Terence Beckett. Kumwelewa Beckett lazima ujue kisa cha Mini. Mini ilitoka mwaka 1959, kazi ya kampuni ya BMC, na bei yake ya chini kabisa ilikuwa pauni 496. Ford hawakuelewa inawezekanaje. Wakanunua moja, wakaifungua mpaka skrubu ya mwisho, wakapiga hesabu ya kila kipande kingewagharimu wao kiasi gani. Jibu walilopata ni kwamba BMC walikuwa wanapoteza kama pauni 30 kwa kila Mini iliyotoka mlangoni. Watu wa Mini walikuwa wamebuni gari kwanza, ndipo wakatafuta bei. Beckett alianza na bei. Cortina ilipewa kikomo cha fedha na kikomo cha uzito kabla haijapewa sura, na kila idara iliyotaka kuongeza shilingi mahali ilibidi iseme itaipunguza wapi.

Ndiyo maana ukilitazama gari lile kwa macho ya mhandisi hukuti kitu kipya hata kimoja. Injini mbele, gia nne, propela, difu nyuma juu ya springi za majani kama za pikapu. Agosti 1962, wiki chache tu kabla ya Cortina, BMC walitoa gari lao la 1100 likiwa na magurudumu ya mbele yanayovuta na maji ndani ya mfumo wa springi. Hilo ndilo lililokuwa gari la kisasa. Cortina ilikuwa sawa na mke wa shamba kando ya bibi harusi wa mjini. Ila ukifungua buti lake unaingiza mzigo ambao 1100 ingeukataa, na likiharibika, fundi yeyote mwenye spana na akili timamu anaweza kulala chini yake akalitengeneza.

Werevu wake ulikuwa kwenye bati. Siku hizo waunda magari walizoea kuongeza chuma pale wanapokuwa na wasiwasi. Timu ya Dagenham ilichukua hesabu za kupima mkazo kutoka kwenye viwanda vya ndege, ikakokotoa kila sehemu ya bodi inabeba nini, na chuma kisicho na kazi kikatolewa. Gari la watu wazima wanne au watano likatoka na uzito wa karibu kilo 800. Linganisha na Ford Consul Classic, gari lao wenyewe la mwaka 1961, zito, la bei, lenye kioo cha nyuma kilichoinamia ndani kama mtu aliyevaa kofia kinyume. Classic haikumaliza mwaka 1963. Iliuawa na mdogo wake.

Sura ilichorwa na Roy Brown, na huyu nina huruma naye. Ni Mkanada aliyechora Edsel, gari la Ford Marekani la 1957 lililododa sokoni mpaka jina lake likawa neno la kumaanisha kushindwa. Baada ya aibu hiyo akapelekwa Uingereza. Huko uhamishoni akachora gari lililouzwa karibu milioni moja ndani ya miaka minne. Tazama ubavu wa gari la babu yako: ule mfinyo mrefu unaoanzia karibu na taa ya mbele na kupanuka kuelekea nyuma ni wake. Mfinyo huo pia hukaza bati bila kuongeza uzito, kwa hiyo Beckett hakuwa na la kusema.

Cortina ilitangazwa Septemba 1962 na injini ya ukubwa wa sisi (cc) 1198. Mwanzoni ilikuwa ya milango miwili, wiki chache baadaye ikaja ya milango minne, na mwaka uliofuata wa 1963 ikaja injini ya sisi 1498, stesheni wegini, na GT, ile yenye nguvu zaidi. Ungeweza hata kuagiza siti ya mbele ya benchi na gia ya usukani.

GT ndiyo inayotuleta kwa baba yako mdogo.

Injini ya GT ilikuwa hiyo ya 1498, lakini yenye kabureta ya Weber ya midomo miwili, breki za diski mbele, na nguvu za farasi 78 kwa gari lililokuwa jepesi kama nilivyokueleza. Pasaka ya mwaka 1964, wiki nne tu kabla Tanganyika na Zanzibar hazijaungana, mbio za Safari zilikwenda kama kawaida yake kwenye matope ya masika. Washindi walikuwa Peter Hughes na Billy Young, watu wa Kenya, ndani ya Cortina GT. Nyuma yao alikuja Msweden Erik Carlsson na Saab yake ndogo. Huyo ndiye anayesimuliwa kwamba alikwama kwenye tope, akaona kusukuma hakusaidii, basi yeye na mwenzake wakalipindua gari kwa ubavu mpaka likasimama pakavu, wakaendelea na safari. Waandishi wa habari hawakuamini, akawaonyesha mbele ya macho yao.

Kwa hiyo ndiyo, Kotina ilishinda Safari. Mara moja. Mwaka uliofuata Joginder Singh na nduguye Jaswant walichukua ushindi kwa Volvo, kisha 1966 na 1967 ikawa zamu ya Bert Shankland wa kwetu Tanzania na Peugeot 404. Wazee wengi wakikumbuka miaka ile wanakumbuka Peugeot, na hapo ndipo binamu zako walipopata kicheko chao.

Huko Uingereza, wakati huohuo, Colin Chapman, mwenye kampuni ya magari ya mbio ya Lotus, alikuwa ameweka injini yake ya kamshafti mbili (mihimili inayofungua vali za injini) ndani ya bodi ya Cortina, akaipaka nyeupe na mstari wa kijani ubavuni. Jim Clark alilipitisha gari hilo kwenye kona gurudumu la mbele la ndani likiwa linaning'inia hewani, na mwaka 1964 akatwaa ubingwa wa Uingereza wa magari ya aina hiyo. Karani wa Luton akitazama alijua kwamba gari lake mwenyewe, lililojaa makapi ya biskuti za watoto, lina bodi ileile. Mimi nasema hiyo ndiyo biashara kubwa zaidi ambayo Ford waliwahi kufanya bila kuuza kitu.

Sasa mwenye kalamu. Itazame tena picha, pale bati la paa linaposhuka nyuma ya kioo cha mlango kuelekea kwenye buti. Utaona kitundu kilichozibwa kwa kipande chenye mapezi. Ni mlango wa kutokea hewa. Oktoba 1964 Ford walileta kitu walichokiita Aeroflow: hewa safi inaingia kupitia vitundu viwili vya duara kwenye dashibodi, inapita kwa abiria, inatokea kwenye hizo nguzo za nyuma, vioo vyote vikiwa vimefungwa. Leo kila gari lina kitu hicho na hakuna anayekifikiria. Wakati ule, katika gari la bei ya chini, ilikuwa ajabu. Kwa mtu wa Tanga mwenye kanzu nyeupe na barabara ya vumbi ilikuwa zaidi ya ajabu. Mwezi huohuo ndipo neno CONSUL lililokuwa mbele ya boneti lilipoondolewa likawekwa CORTINA, shoo ya mbele ikapanuliwa mpaka ikazimeza taa ndogo za pembeni, na breki za diski zikaanza kufungwa hata kwenye magari yasiyo GT.

Gari lenye vitundu hivyo halikuwapo duniani Pasaka ya 1963. Ongeza safari ya meli, na picha yako haiwezi kuwa ya kabla ya Pasaka ya 1965. Nadhani aliyeandika aliandika miaka mingi baadaye, kwa kukumbuka.

Yaliyofuata baada ya hapo nitayapitia upesi, kwa sababu si gari la babu yako tena, ingawa lina jina lake. Toleo la pili lilikuja Oktoba 1966, mraba zaidi, na mwaka 1967 likaipita ile 1100 ya BMC likawa gari lililouzwa kuliko yote Uingereza. Ndani ya toleo hilo kulikuwa na 1600E, yenye dashibodi ya mbao na rimu za kupendeza, herufi E ikiwa ni ya "executive", yaani meneja. Hapo gari lilianza kuwa kitu kingine, na hili nataka nikae nalo kidogo.

Waingereza ni watu wa ngazi. Kufika toleo la tatu, Oktoba 1970, lenye kiuno kilichobonyea kama chupa ya soda, Ford walikuwa wameigeuza ngazi hiyo kuwa herufi za bati. L, XL, GT, GXL. Bodi ileile. GXL ilikuwa na taa nne za mbele na paa la vinaili. Ya chini kabisa haikuwa hata na herufi. Na wanunuzi wengi hawakuwa familia bali makampuni. Serikali zilipobana nyongeza za mishahara katika miaka ya 1970, kampuni ilimpa mfanyakazi gari mahali pa fedha. Basi muuzaji wa vifaa vya ofisi akipandishwa cheo hakuhitaji kutangaza, jirani alisoma nyuma ya buti. Nimewasikia Waingereza wazee wakitaja herufi ya gari la baba yao kwa namna ambayo sisi tungetaja cheo cha mtu serikalini. Ukijumlisha miaka yote ya 1970, hakuna gari lililouzwa Uingereza kuliko Cortina, na sehemu kubwa ya mauzo hayo ilitokana na wivu mdogomdogo wa maegesho ya ofisini.

Ubora haukupanda kwa kasi hiyohiyo. Mwanzoni mwa 1971 mgomo uliusimamisha uzalishaji wa Ford Uingereza kwa wiki tisa, gari jipya likiwa ndiyo kwanza linaingia sokoni. Injini mpya kubwa za toleo la tatu, zile mafundi wanaziita Pinto, zilikuwa na kamshafti juu, na juu ya kamshafti kuna kibomba chembamba chenye matundu ya kunyunyizia oili. Ukichelewa kubadilisha oili matundu yanaziba, kamshafti inaliwa, na injini inaanza kulia kama cherehani. Dawa ilikuwa rahisi, oili safi kwa wakati, lakini gari la kampuni nani analionea uchungu?

Toleo la nne la 1976 lilikuwa pacha wa Taunus, gari la Ford Ujerumani, kwa kuwa tangu 1967 Ford ya Ulaya ilikuwa nyumba moja. Kardinali na Askofu Mkuu wakaishia kulala chumba kimoja. Toleo la mwisho lilikuja 1979, na tarehe 22 Julai 1982 Cortina ya mwisho ikatoka Dagenham, baada ya zaidi ya milioni 4 za matoleo yote. Nafasi yake ikachukuliwa na Sierra, yenye sura ya sabuni iliyotumika, na Waingereza wakainunia kwa miaka kadhaa huku wengine wakihamia Vauxhall Cavalier, gari la washindani wao.

Mbona halionekani kwetu? Kwanza, kutu. Gari lililopunguzwa bati mpaka kiwango cha hesabu halina bati la akiba la kuliwa. Shokomzoba za mbele za Cortina ni zile ndefu zenye springi kuzizunguka, na vichwa vyake vimefungwa juu, kwenye bati la ndani ya boneti. Maji na matope hukaa hapo kutoka chini. Bati likioza, uzito wote wa mbele unasukuma mahali pasipo na nguvu, na fundi asiyejua atashangaa kwa nini usukani unavuta upande. Huko Uingereza chumvi inamwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Tanga chumvi inakuja yenyewe na upepo wa bahari. Pili, Datsun. Mwaka 1970 na 1971 Edgar Herrmann alishinda Safari mara mbili kwa magari ya Kijapani, na walionunua magari Afrika Mashariki walikuwa wakitazama. Mnamo miaka ya 1980 spea za Cortina zilianza kuwa hadithi, za Mjapani ziko kila duka.

Nina ombi moja. Kama picha yenyewe ni safi kuliko hii uliyoipiga kwa simu, tazama ubavu wa nyuma, juu kidogo ya gurudumu. Ukiona nembo ndogo yenye herufi GT, niandikie leo leo, na baba yako mdogo mnunulie soda. Usipoiona, muulize kama anakumbuka gia ilikuwa sakafuni au kwenye usukani, na kama siti ya mbele ilikuwa moja ndefu. Mtoto aliyewahi kukaa katikati ya benchi ile, kati ya baba na mama, hasahau.